Alois Alzheimer: muganga aliyeuliza kwanza, kisha akapima

Jina la Alzheimer limefika hadi mu kartie zetu za Kolwezi. Mutu akisahau mahali aliweka ufunguo, marafiki wanamucheka, wanasema Alzheimer imeanza. Lakini wengi hawajui kwamba Alzheimer alikuwa mutu, tena muganga wa Ujerumani, na kwamba ugonjwa ulipata jina lake juu ya mwanamuke mumoja tu, bibi wa karani wa reli, mwenye alimuuliza maswali siku nyingi kando ya kitanda.

Tunasimulia maisha yake leo kwa sababu. Mu inchi nyingi, na Afrika ndani, wauguzi wanaanza kupewa tableti ao kompyuta yenye maswali ya kupima akili ya wazee. Mashine inauliza, muzee anajibu, kisha inatoa pointi: huyu ni muzima, huyu anaweza kuwa na demansi, ni kusema ugonjwa wa ubongo wenye unakula kumbukumbu na akili pole pole. Kuko wauguzi wenye kufurahi, kuko wenye kuogopa, kuko wenye kusema ni mchezo wa Wazungu. Ukijua namna Alzheimer mwenyewe alifanya kazi, utaona ni wapi wana haki na ni wapi hofu yao inaweza kupunguka.

Na hapa Lualaba jambo hili si la mbali. Mu mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wa Gécamines walitoka kazini kwa ile operesheni yenye tunaita départs volontaires. Mwenye alikuwa na miaka 50 wakati ule, leo amepita 70. Baba zetu wa migodi wameingia kwa pamoja mu miaka yenye demansi inaanza kuonekana. Nani atawapima, na kwa njia gani?

Mutoto wa Marktbreit

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 1864 mu muji mudogo wa Marktbreit, jimbo la Bavaria, kusini ya Ujerumani. Baba yake, Eduard, alikuwa notere, ni kusema mutu wa serikali wa kuandika na kushuhudia mikataba. Familia ilikuwa ya Wakatoliki. Kisha walihamia Aschaffenburg juu ya masomo ya watoto.

Alisoma uganga Berlin, Tübingen na Würzburg. Alikuwa kijana mukubwa wa mwili, mwenye kupenda watu na kicheko. Wanafunzi wa wakati ule walikuwa na vikundi vya kupigana kwa upanga, na yeye alitokea humo na kovu usoni upande wa kushoto. Ndiyo sababu mu picha nyingi anaonyesha upande wa kuume. Mu 1887 alipata udaktari kwa kazi juu ya vifuko vidogo vyenye kutoa nta ya masikio. Hapo ndipo alizoea mikroskopi, ile mashine ya kuonyesha vitu vyenye macho matupu hayawezi kuona.

Kazi yake ya kwanza kisha masomo haikuwa ya maabara. Kwa miezi mitano alisindikiza mwanamuke mumoja mgonjwa wa akili katika safari. Kabla ya kusoma ubongo mu kioo, alijifunza kukaa na mutu mwenye akili yake imesumbuka: kula naye, kumungojea, kumusikiliza.

Nyumba ya Frankfurt

Mu mwezi wa 12 mwaka 1888, akiwa na miaka 24, aliingia kazini mu hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa ya Frankfurt. Watu wa muji walikuwa na jina la mzaha kwa ile nyumba: ngome ya wenda wazimu. Wagonjwa walikuwa wengi, waganga kidogo. Mukubwa wa hospitali aliitwa Emil Sioli, na mwaka wenye kufuata alikuja muganga mwingine kijana, Franz Nissl.

Wakati ule, mu nyumba za namna ile, mugonjwa mwenye kusumbua alifungwa kwa kamba ao alivalishwa nguo ya kumubana mikono. Sioli na vijana wake walitaka kupunguza mambo hayo. Walitumia maji ya moto ya kuoga kwa saa nyingi ili mugonjwa atulie, wakafungua vyumba vyenye wauguzi wanaweza kuona wagonjwa wote usiku na mchana. Na walisema na wagonjwa. Kusema na mugonjwa kulihesabiwa kuwa kazi ya hospitali, sawa na kutoa dawa.

Nissl alileta ujuzi mwingine: namna ya kutia rangi mu kipande cha ubongo ili chembe zake zionekane chini ya mikroskopi. Tangu hapo siku ya Alzheimer iligawanyika mara mbili. Muchana alikuwa na wagonjwa wazima, na magaribi alikuwa na vipande vya ubongo wa wenye walikufa. Nissl na yeye walibaki marafiki hadi mwisho.

Mu 1894 Alzheimer alioa Cecilie Geisenheimer, mjane tajiri wa Kiyahudi, mwenye bwana yake wa kwanza alifanya biashara ya almasi. Walizaa watoto watatu. Lakini mu mwezi wa 2 mwaka 1901 Cecilie akafa. Alzheimer akabaki mjane na watoto wadogo, na dada yake Elisabeth akaja kuwalea. Yeye mwenyewe akajitia zaidi mu kazi. Ilikuwa mwaka ule ule wenye Auguste alifika.

Auguste

Auguste Deter alikuwa na miaka 51. Bwana yake, Karl, alikuwa karani mu shirika la reli, namna mu familia nyingi za kwetu baba alikuwa karani wa SNCC. Walikuwa na mutoto mwanamuke mumoja. Nyumba ilikuwa na amani, hadi siku Auguste alianza wivu: alisema bwana yake anatembea na jirani. Kisha akaanza kukosea mapishi yenye alijua tangu zamani, kuficha vitu na kusahau mahali aliviweka, kutembea mu nyumba bila sababu, kupiga kelele usiku, kugonga milango ya majirani. Aliogopa kwamba kuko mutu anataka kumuua.

Musomaji, soma tena dalili hizo, ukizileta mu kartie yetu. Mama mwenye kutembea usiku, mwenye kugonga kwa watu, mwenye kushutumu jirani, mwenye kuficha vitu. Tunajua jina gani watu watamupa. Mu 1901 majirani wa Frankfurt walikuwa na majina yao pia, na si mazuri. Lakini Karl alimupeleka kwa waganga, na tarehe 25 mwezi wa 11 Auguste akaingia hospitali.

Kesho yake Alzheimer akakaa naye. Alimuuliza jina lake, na alijibu sawa. Alimuuliza jina la familia, akarudilia jina lake la kwanza. Alimuuliza jina la bwana yake, akataja tena lake mwenyewe, sawa vile hakuelewa tofauti. Wakati wa chakula alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa, na alipoulizwa ni nini anakula, alitaja mboga ingine. Alzheimer alimuonyesha vitu vya kila siku: kalamu, ufunguo, kitabu, sigara. Auguste aliviita vizuri kimoja kimoja. Muda mufupi kisha, hakukumbuka kwamba alionyeshwa kitu. Alimuomba aandike jina lake kamili, na aliandika neno la kwanza, akasahau lililobaki, ikabidi amwambie kila neno.

Yote hayo Alzheimer aliandika: swali, jibu, swali, jibu, na tarehe. Aliandika pia namna ya uso wake, woga wake, na namna alionekana kujua yeye mwenyewe kwamba kitu fulani ndani yake kimepotea. Alirudi siku zenye kufuata na maswali mengine. Picha pia zilipigwa. Mu moja ya hizo picha Auguste amekaa mu kanzu nyeupe ya hospitali, mikono yake juu ya magoti, macho yametazama chini.

Kilichomushangaza ni umri. Waganga walijua kwamba mutu wa miaka 80 anaweza kupoteza kumbukumbu, lakini huyu alikuwa na miaka 51. Tena haikuwa kaswende yenye imefika mu ubongo, yenye ilijaza hospitali za namna ile zamani zile, na yenye Alzheimer alijua sana juu aliisoma kwa miaka mingi. Kwa hiyo hakutosheka na kusema ni wazimu. Alitaka kujua ni nini.

Munich, mikroskopi na fedha

Mu 1903 Alzheimer alifuata muganga mukubwa Emil Kraepelin, Heidelberg kwanza, kisha Munich. Kraepelin alimupa maabara ya ubongo lakini hakukuwa na mushahara wa kumulipa. Kwa miaka ya kwanza Alzheimer alifanya kazi bure, akitumia mali yenye bibi yake aliacha. Hata hivyo hakumusahau Auguste. Aliendelea kuomba habari zake Frankfurt.

Auguste hakupona. Mwishoni alilala tu, miguu imekunjwa, bila kusema neno la kueleweka. Alikufa tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 1906, na Sioli akatuma Munich fishi zake pamoja na ubongo wake, sawa vile Alzheimer aliomba.

Hapa kuko jambo lenye watu wa madini watapenda. Muganga mwingine wa Ujerumani, Max Bielschowsky, alikuwa amepata njia mupya ya kutia rangi mu ubongo kwa chumvi ya fedha, ile fedha ya pete na ya mikufu. Fedha inashika nyuzi ndogo za ndani ya chembe na kuzifanya nyeusi. Alzheimer alitumia njia hiyo, na akaona mambo mawili. Ndani ya chembe nyingi, nyuzi zilikuwa zimefungamana sawa kamba yenye imejiviringisha. Na katikati ya chembe kulikuwa madoa ya kitu kigumu chenye hakikupashwa kuwa pale. Ubongo wote ulikuwa umepunguka, chembe nyingi zimekufa. Hadi leo, nyuzi zile na madoa yale ndiyo alama za ugonjwa wa Alzheimer mu maabara zote za dunia.

Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 1906, mu mukutano wa waganga wa akili mu muji wa Tübingen, alisimama kueleza habari ya Auguste. Akamaliza. Hakuna mutu aliuliza swali. Waganga walikuwa na haraka ya kusikia mambo mengine yenye yalikuwa mapya zaidi kwao. Aliandika habari ile kwa ufupi mu 1907, kurasa kidogo tu.

Kwa ukumbusho wetu: siku sita mbele ya mukutano ule, tarehe 28 mwezi wa 10 mwaka 1906, ilizaliwa Union Minière du Haut-Katanga, mama ya Gécamines. Kazi yenye itatumikisha nkambo zetu na ugonjwa wenye unashika wengine wao leo vilitajwa mbele ya watu mu wiki moja.

Mwanafunzi mwenye alizaliwa Afrika

Mu maabara ya Munich walikuja vijana kutoka inchi nyingi. Alzheimer alikuwa mwalimu wa subira. Alipita meza kwa meza, akakaa kando ya kila mwanafunzi, akatazama mu mikroskopi yake, akaeleza. Alivuta sigara kubwa, akaiweka kando ili atazame, akaisahau. Jioni, kila meza ilibaki na kipande cha sigara.

Mumoja wa wale wanafunzi aliitwa Solomon Carter Fuller. Alizaliwa Monrovia, Liberia, mu 1872, mu familia yenye nkambo wake alikuwa mutumwa Marekani na alijinunua uhuru. Fuller alivuka kwenda Marekani kusoma, akapata uganga Boston mu 1897, na mu 1904 alipokelewa mu maabara ya Alzheimer. Kisha kurudi, alisoma ubongo wa wagonjwa wengi wa demansi mu hospitali ya Westborough, na mu 1912 aliandika kazi kubwa juu ya ugonjwa huu mupya, na ndani yake alitafsiri kwa Kiingereza habari ya Auguste. Ni yeye aliuliza mapema kama yale madoa peke yake yanatosha kueleza ugonjwa, na swali hilo halijaisha hadi leo.

Kwa hiyo mwenye kusema demansi ni hadithi ya Wazungu, aambiwe kwamba mutoto wa Afrika alikuwa kwenye meza tangu mwanzo.

Jina, kisha kifo

Mu 1910 Kraepelin aliandika mu kitabu chake kikubwa cha magonjwa ya akili kwamba ugonjwa wa namna ya Auguste uitwe ugonjwa wa Alzheimer. Alzheimer mwenyewe hakukuwa na haraka vile. Alijiuliza kama ni ugonjwa wa peke yake, ao ni ule ule wa wazee wenye umekuja mapema. Miaka mingi kisha kifo chake, waganga walikubali kwamba kwa sehemu kubwa ni ule ule: wazee wengi wa miaka 75 ao 80 wenye kusahau wana nyuzi zile zile na madoa yale yale.

Mu 1912 aliitwa kuwa profesa Breslau, muji wenye leo unaitwa Wrocław, mu Poland. Alishikwa na ugonjwa katika safari ya treni ya kwenda kule, na moyo wake haukurudi kuwa na nguvu. Alifanya kazi hivyo hivyo kwa miaka mitatu, hadi ndani ya vita ya kwanza ya dunia. Alikufa tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 1915, akazikwa Frankfurt kando ya bibi yake. Alikuwa na miaka 51, sawa na ile yenye Auguste alikuwa nayo siku aliingia hospitali.

Fishi za Auguste zilipotea kwa miaka mingi. Zilipatikana mwisho wa mwaka 1995 mu hifadhi za hospitali ya Frankfurt, kurasa zaidi ya 30 ndani ya jalada moja, na maandishi ya Alzheimer juu yake. Karatasi zilikuwa zimekaa pale karibu miaka 90, na kila jibu la Auguste bado linasomeka.

Kutoka kalamu hadi tableti

Maswali ya Alzheimer, jina lako, hiki ni nini, tumekuonyesha nini sasa hivi, hayakukufa naye. Waganga waliyapanga na kuyapa pointi. Mu 1975, Marekani, Folstein na wenzake walitoa mutihani wenye pointi 30, na ulienda dunia nzima. Lakini mutihani ule unaomba mutu asome, aandike, achore. Mama mwenye hakuenda masomo anaanguka mbele hata ya kuanza, na akili yake ni nzima.

Kwa hiyo Afrika ilihitaji maswali yake. Mu wilaya ya Hai, chini ya mulima Kilimanjaro, Tanzania, watafiti walizunguka vijiji na kupata kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, karibu 6 kwa 100 wana demansi. Kisha wakatengeneza mutihani mufupi wenye hauombi kalamu. Wanamuuliza muzee daraja ni kitu gani, chifu wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Wanamuambia ataje wanyama wengi kadiri anaweza mu dakika moja. Wanamupa maneno 10 ya kukumbuka. Na wanamuomba apange vijiti vya kiberiti kufuata mufano wenye ameonyeshwa. Yote ni pointi 15. Baadaye maswali hayo yaliwekwa mu programu ya simu na tableti, ili wahudumu wa afya wa vijiji wayatumie pasipo kungojea muganga wa ubongo.

Kinshasa pia watafiti wa Kongo wamefanya kazi ya kutafuta demansi kati ya wazee. Hatujabaki nyuma ya mulango.

Wauguzi wana haki ya kuuliza

Sasa tumufikirie muuguzi wa Kolwezi, wa Fungurume ao wa Mutshatsha, mwenye anapewa tableti asubuhi moja. Wagonjwa wamepanga mustari, watoto wenye malaria wanalia, na umeme wa SNEL umeenda. Akisita, si ujinga.

Neno la kwanza ni wakati. Dakika 10 kwa muzee mumoja ni nyingi mu kituo chenye wauguzi wawili. Hapo mashine inaweza kusaidia, juu inafuata maswali kwa utaratibu, haisahau moja, inajumlisha pointi pasipo kukosea. Lakini tableti yenye moto umekwisha ni kibao tu. Mutihani wa karatasi upashwe kuwa pembeni siku zote.

Neno la pili ni muzee mwenyewe. Mitihani mingine ya kompyuta inamuomba mugonjwa aguse kioo, tena inahesabu haraka ya kidole. Baba mwenye alishika nyundo na dereva ya mashine miaka 30, vidole vyake vimekauka, macho yake yana mtoto wa jicho, masikio yameharibika kwa kelele ya kiwanda. Mashine itasema akili yake ni nzito, kumbe ni kidole kizito. Ndiyo maana ule mutihani wenye muuguzi anauliza kwa kinywa, na yeye ndiye anagusa kioo, unafaa zaidi kwa wazee wetu.

Neno la tatu ni lugha. Alzheimer alimuuliza Auguste kwa lugha yenye Auguste alipikia. Maswali ya Kifaransa kwa mama wa Kilunda, Kisanga ao Kichokwe yanapima Kifaransa. Hata Kiswahili cha vitabu kinaweza kumupoteza mutu wa Kiswahili cha Katanga.

Neno la ine ndilo zito: kisha pointi, nini? Mashine haitoi ugonjwa jina. Inapiga kengele tu. Muzee mwenye pointi kidogo anaweza kuwa na malaria, upungufu wa damu, VIH, kaswende ya zamani, huzuni kubwa kisha kufiwa, ao dawa zenye hazipatani. Mengine kati ya hayo yanatibika, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kupima. Kwa demansi yenyewe, hakuna dawa ya kuiondoa. Lakini kuko kazi: kushusha tansioni, kurekebisha macho na masikio, kupanga nyumba ili muzee asipotee, kueleza familia. Na kuko mahali pa kutuma wenye shida nzito: Lubumbashi, karibu kilometa 300 kutoka hapa, kuko kituo cha Joseph Guislain, Bukavu kuko SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu.

Na wauguzi wenye kufikiri kwamba kompyuta imekuja kuwanyanganya kazi, watazame Alzheimer. Alipenda mashine kuliko wenzake wote. Mikroskopi yake ilimuonyesha madoa. Lakini kama hangeandika majibu ya Auguste miaka tano mbele, ubongo ule ungekuwa kipande cha nyama kati ya vingine. Mikroskopi ilijibu swali lenye lilikuwa limekwisha kuulizwa kando ya kitanda. Tableti pia haitamuona mama mwenye anajibu sawa lakini nguo zake zimevaliwa kinyume, ao muzee mwenye anatazama mutoto wake kila swali ili amusaidie. Mambo hayo muuguzi anayaona, na anapashwa kuyaandika mu fishi.

Tena hicho kibao chenyewe, betri yake ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa mu Kongo, hapa Lualaba sana sana. Si kitu cha wageni kabisa. Imetoka chini ya miguu yetu. Ni haki irudi na faida kwa wenye walichimba.

Kwa familia

Shirika la afya la dunia, OMS, linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye demansi duniani, na zaidi ya nusu wanakaa mu inchi zenye mapato madogo ao ya kati. Hapa kwetu wengi wao hawahesabiwi. Wanafichwa mu chumba cha nyuma, ao wanapelekwa mu maombi ya kufunga na kupigwa, ao wanaitwa walozi. Mu 2021, Kivu Kusini, wanawake wenye walishutumiwa bulozi waliuawa, wengine kwa moto. Hakuna mwenye alikaa nao kuuliza leo ni siku gani.

Karl Deter hakuwa na jibu, na bibi yake hakupona. Lakini alimutoa mu midomo ya majirani, akamuleta mahali ambapo mutu alimuuliza jina lake na kungojea jibu. Kazi hiyo mutoto yeyote anaweza kuifanya kwa mama yake, na muuguzi yeyote anaweza kuipokea, tableti iwepo ao isiwepo. Kama muzee wenu ameanza kusahau njia ya nyumba, kuuliza neno moja mara kumi, ao kuogopa watu wake mwenyewe, mumupeleke kwa kituo cha afya cha karibu. Mueleze muuguzi ilianza lini na namna gani, pasipo aibu. Habari hiyo ndiyo atahitaji kwanza, mbele ya mashine yoyote.